Sikukuu ya Vitabu Shuleni: Kabati na Lifunguliwe

Wazee husema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli kwa fedha iliyowekwa benki, na kwa muda fulani ni la kweli kwa mahindi yaliyo ghalani, lakini si la kweli hata kidogo kwa vitabu vya watoto. Kitabu kilichofungiwa huoza. Mchwa hupanda kutoka sakafuni wakala kurasa zake. Unyevu wa masika huzishikanisha karatasi. Panya hufanya kiota ndani ya hadithi ya Sungura na Fisi. Na baada ya miaka michache kinachosalia ni jalada lenye jina zuri na vumbi ndani yake. Tena si kitabu peke yake kinachoharibika. Mtoto wa miaka minane mwenye hamu ya kusoma, akikosa kitu cha kusoma, hamu yake nayo huoza, wala si kazi rahisi kuirudisha akiisha kuwa na miaka kumi na minne.

Katika shule nyingi za msingi za Kenya liko kabati moja, ofisini kwa mwalimu mkuu au nyuma ya darasa, lenye kufuli kubwa. Ndani yake mna vitabu vya hadithi vilivyoletwa na Serikali, au na kanisa, au na wageni waliopita, au vilivyonunuliwa kwa michango ya wazazi. Idadi yake imeandikwa katika daftari. Mkaguzi akija, kabati hufunguliwa, vitabu huhesabiwa, hesabu huonekana kuwa sawasawa, na kufuli hurudishwa mahali pake. Kwa mujibu wa daftari, shule ile ina maktaba. Kwa watoto, haina.

Shule nyingine hufanya sikukuu ya vitabu mara moja kwa mwaka, na hilo ni jambo jema. Uwanja hufagiwa, nyimbo huimbwa, mgeni wa heshima hutoa hotuba ndefu juu ya faida ya elimu, chai hunywewa, kisha kila mtu huenda zake. Jioni ile vitabu hurudi kabatini. Sikukuu ya namna hiyo ni kama arusi isiyo na bibi arusi: ngoma imelia, wageni wameshiba, lakini hapana nyumba mpya iliyoanzishwa.

Basi mwalimu au mzazi anayetaka kuitengeneza sikukuu ya vitabu shuleni kwake aanze kwa kujiuliza swali moja. Ijumaa jioni, sherehe itakapokwisha, vitabu vingapi vitakuwa njiani kwenda nyumbani mikononi mwa watoto? Kila shughuli itakayoongeza hesabu hiyo yafaa kufanywa. Ile isiyoiongeza, hata ikiwa ya kupendeza namna gani, na ingoje mwaka mwingine.

KWA NINI KABATI HUFUNGWA

Haifai kumlaumu mwalimu kwa kufuli lake. Mwalimu alivitia sahihi vitabu vile siku vilipopokewa. Kimoja kikipotea, yeye ndiye atakayeulizwa. Lakini vitabu mia vikikaa mwaka mzima bila kusomwa na mtoto hata mmoja, ni nadra mtu kumwuliza sababu. Kwa hiyo kufunga ni salama kwake, na kufungua ni hatari. Hiyo ndiyo asili ya shida hii, na sikukuu yoyote isiyoigusa asili hiyo haiwezi kubadili kitu.

Hofu hiyo si mpya wala si ya Afrika peke yake. Katika kanisa kuu la Hereford, nchini Uingereza, wageni huonyeshwa hata leo maktaba ya kale ambayo vitabu vyake vimefungwa kwa minyororo kwenye rafu. Katika zama zile kitabu kilikuwa ghali mno, na wenyewe waliona ni afadhali msomaji akifuate kitabu mahali kilipo kuliko kitabu kumfuata msomaji. Mtu aliyeikataa fikira hiyo kwa maneno ya wazi alikuwa S. R. Ranganathan, mtunza maktaba wa Madras nchini India. Mwaka 1931 alitoa kanuni tano za kazi ya maktaba, na ya kwanza kati yake yahusu jambo hili hasa: kwamba maktaba ipimwe kwa jinsi vitabu vyake vinavyotumiwa, wala si kwa jinsi vinavyohifadhiwa.

Mwaka ule ule wa 1931 ilifunguliwa mjini Nairobi Maktaba ya McMillan, jengo la fahari lenye nguzo nyeupe na simba wa mawe mlangoni. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Mwaka 1962 maktaba hiyo iliwekwa chini ya Baraza la Jiji la Nairobi, na mwaka 1965, Kenya ikiisha kupata uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Huduma ya Maktaba ya Taifa ili vitabu viwafikie raia wote. Kabla ya hapo, tangu mwisho wa miaka ya 1940, ofisi iliyoitwa East African Literature Bureau ilikuwa imeanza kuchapisha vitabu kwa lugha za Waafrika, na pia kuvipeleka kwa wasomaji walio mbali katika masanduku na kwa njia ya posta. Wazo lilikuwa jepesi: ikiwa msomaji hawezi kuja mjini, sanduku na limwendee.

Wazo hilo lilipata miguu minne mwaka 1996. Mwaka huo Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kutumia ngamia huko Garissa, katika nchi kavu ya kaskazini mashariki, ambako barabara ni chache na watu huhama pamoja na mifugo yao. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema na mikeka. Wakifika penye shule, hema husimamishwa chini ya mgunga, mikeka hutandikwa, vitabu hupangwa, na watoto huchagua watakacho. Ikiwa kitabu chaweza kusafiri juu ya mgongo wa ngamia katika jua kali na mchanga, kisha kikaazimwa na mtoto wa mfugaji ambaye nyumba yake haina mlango wa kufunga, ni vigumu kueleza kwa nini kitabu kingine, katika shule yenye madirisha na sakafu ya saruji, kisiweze kutoka kabatini kwenda nyumba ya tatu kutoka hapo.

SIKU IPI ICHAGULIWE

Ulimwenguni zimewekwa siku kadhaa kwa ajili ya vitabu na kusoma. Iliyo mashuhuri zaidi ni tarehe 23 Aprili, ambayo shirika la UNESCO liliitangaza mwaka 1995 kuwa siku ya vitabu duniani. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa huhusishwa na kufa kwa waandishi wawili wakubwa, William Shakespeare wa Uingereza na Miguel de Cervantes wa Hispania, mwaka 1616. Katika jimbo la Catalonia, huko Hispania, ni desturi siku hiyo watu kupeana vitabu na maua ya waridi. Lakini nchini Kenya mwisho wa Aprili mara nyingi huwa ni wakati wa likizo, na sikukuu bila watoto haina maana.

Siku mbili nyingine hufaa zaidi. Ya kwanza ni tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyokubaliwa na UNESCO mwaka 2021. Ya pili ni tarehe 8 Septemba, siku ya kusoma na kuandika ulimwenguni, ambayo huadhimishwa tangu mwaka 1967. Shule yaweza kuichagua mojawapo, na ni bora kutenga juma zima badala ya siku moja. Siku moja hupita kwa hotuba. Juma lina nafasi ya kitabu kutoka, kusomwa na kurudi, na mtoto akiisha kukirudisha kitabu cha kwanza hujua njia ya kwenda kuchukua cha pili.

MATAYARISHO

Kazi ianze juma mbili kabla. Kwanza vitabu vyote vitolewe nje na kupangwa juani. Hapo kila mtu ataona hali ilivyo. Vilivyoliwa na mchwa vitengwe na kuandikwa, wala mwalimu asione haya, maana kuoza kwake ni ushahidi wa yale yaliyosemwa hapo juu. Vyenye kurasa zilizolegea viende katika hospitali ya vitabu. Hospitali hiyo ni meza moja, watoto wa madarasa ya juu, sindano na uzi imara, kitambaa kikuukuu cha kutia mgongoni, na gundi iliyopikwa kwa unga wa ngano na maji. Kila kitabu kivikwe karatasi ya kaki au kalenda ya mwaka uliopita. Mtoto aliyekishona kitabu kwa mkono wake mwenyewe hamruhusu mwenziwe kukichana.

Pili, vitabu vigawanywe kwa kadiri ya ugumu wake. Maktaba kubwa za dunia hutumia hesabu zilizobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambazo kwazo kila elimu ina namba yake: sayansi huanzia 500, lugha na fasihi zina mahali pake, historia na jiografia huanzia 900. Shule ya msingi yenye vitabu mia haihitaji hayo. Utepe wa rangi juu ya mgongo wa kitabu unatosha: nyekundu kwa vyepesi, manjano kwa vya kati, kijani kwa vigumu. Lakini rangi zisigeuzwe kuwa sheria. Mtoto wa darasa la pili anayekitamani kitabu cha kijani kwa sababu kina picha ya meli apewe. Asipoweza kukisoma, atamtafuta kaka au dada wa kumsomea, na nyumba mbili zitakuwa zimepata faida badala ya moja.

Tatu, daftari lipigwe mistari. Nafasi nne zatosha: jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Kila darasa lichague watunza maktaba wawili, mvulana na msichana, nao wafundishwe kuandika katika daftari hilo kwa hati safi. Mwalimu asiwe mwandishi. Mwalimu akiwa ndiye mwandishi, siku atakapokuwa na mitihani ya kusahihisha, au mkutano mjini, maktaba itafungwa.

SHUGHULI ZA JUMA

Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa wamejipanga uwanjani, mwalimu mkuu aufungue mlango wa kabati mbele ya wote, kisha akabidhi ufunguo kwa watunza maktaba. Tendo hilo ni dogo, halichukui dakika tano, wala halihitaji mgeni wa heshima. Lakini watoto huyakumbuka mambo wanayoyaona kuliko wanayohubiriwa, na siku ile watakuwa wameona kwamba ufunguo ni wao.

Kila siku ya juma hilo, baada ya mapumziko ya kwanza, kengele ipigwe na shule nzima isome kwa dakika ishirini. Si watoto tu. Mwalimu mkuu asome, mpishi asome, karani asome, na mlinzi wa langoni asome gazeti lake. Katika nyumba nyingi mtoto hajapata kumwona mtu mzima akisoma kwa kupenda. Amemwona akisoma barua ya madai, au maandishi juu ya chupa ya dawa. Akimwona mpishi ameketi kando ya sufuria akicheka peke yake kwa sababu ya kisa cha Abunuwasi, atafahamu kwamba kusoma ni starehe pia, na somo hilo halimo katika kitabu chochote cha darasani.

Jumanne iwe siku ya wakubwa kuwasomea wadogo. Kila mtoto wa darasa la sita apewe mtoto mmoja wa darasa la kwanza, nao waketi wawili wawili chini ya miti. Faida ni kwa wote. Mdogo husikia hadithi. Mkubwa, hasa yule ambaye kusoma kwake ni kwa shida na ambaye huona haya mbele ya wenzake, hupata ruhusa ya kusoma kitabu chepesi bila kuchekwa. Wako watoto wa miaka kumi na miwili ambao wangefurahi kusoma kitabu cha utepe mwekundu kama wangepata udhuru. Huu ndio udhuru wao.

Jumatano iwe siku ya wazee. Babu na bibi waalikwe kusimulia hadithi za kwao, kwa lugha wanayoiweza, nao watoto wa madarasa ya juu waziandike. Baadaye hadithi hizo zinakiliwe kwa hati nzuri, zichorwe picha, zishonwe na kutiwa jalada, kisha ziwekwe kabatini pamoja na vitabu vingine, na jina la msimulizi liandikwe juu yake. Kwa njia hiyo shule isiyo na fedha hujipatia vitabu vipya kila mwaka. Tena mtoto anapoliona jina la bibi yake juu ya jalada, hujua kwamba vitabu havitoki Ulaya na Nairobi peke yake.

Shule yenye umeme na mashine ya kuchapisha inaweza kuongeza njia nyingine. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, umeweka katika intaneti hadithi nyingi fupi zenye picha, kwa Kiswahili na kwa lugha kadhaa za Kenya, ambazo mtu yeyote ameruhusiwa kuzichapisha na kuzitafsiri bila malipo. Mwalimu akitoa hadithi kumi kwenye karatasi na kuzishona, amepata vitabu kumi.

Alhamisi iwe siku ya mchezo. Watoto wavae mavazi ya watu na wanyama waliowakuta vitabuni: Sungura mwenye masikio ya karatasi, Fisi mwenye gunia mgongoni, Abunuwasi mwenye kilemba cha kanga. Jambo hili lisiwatie wazazi gharama. Sheria iwe kwamba nguo ya kununuliwa hairuhusiwi, na majani ya mgomba, magunia na kanga za mama ndiyo mali ya kazi. Baada ya maandamano, vitendawili vitegwe, na jibu la kila kitendawili liwe limefichwa ndani ya kitabu fulani katika maktaba. Mwenye kutaka kutegua hana budi kwenda kufungua kitabu.

Ijumaa iwe siku ya kuazima. Watoto wote, darasa baada ya darasa, wapite mezani, kila mmoja achague kitabu kwa hiari yake, kiandikwe katika daftari, kitiwe ndani ya mfuko wa kitambaa ili mvua isikiharibu, na kipelekwe nyumbani. Hii ndiyo sikukuu yenyewe. Siku nne zilizotangulia zilikuwa njia ya kuifikia.

HESABU YAKE

Huenda mtu akasema kwamba vitabu havitoshi. Na tupige hesabu. Chukua shule yenye watoto 300 na vitabu 120 tu. Kila kitabu kikikaa juma moja nyumbani, katika muhula wa majuma kumi ya kuazima vitabu vile vitatoka mara 1,200. Hiyo ni sawa na vitabu vinne kwa kila mtoto katika muhula mmoja, na kumi na viwili kwa mwaka. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza, akifika mwisho wa darasa la sita, atakuwa amechukua kitabu nyumbani mara 72. Vitabu ni vile vile 120, kabati ni lile lile, fedha haikuongezwa hata shilingi moja. Kilichobadilika ni kufuli.

Wala haifai kudhani kwamba vitabu vya masomo vinatosha mahali pa hadithi. Serikali imefanya mengi kwa upande huo. Mwaka 2015 mpango wa Tusome ulianza kupelekwa katika shule za msingi za Serikali nchi nzima, ili watoto wa madarasa ya chini wawe na vitabu vya Kiswahili na Kiingereza mikononi mwao, na mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilianza kupeleka vitabu vya masomo moja kwa moja mashuleni. Kwa kazi hiyo watoto wengi walijifunza kuzisoma herufi. Lakini mtu aliyejifunza kuogelea hana budi kupata mto. Kitabu cha masomo humwambia mtoto asome ukurasa fulani na kujibu maswali, na hadithi humfanya afunue ukurasa unaofuata kwa sababu anataka kujua kama Fisi ataponea.

ZAWADI NA VITABU VILIVYOPOTEA

Mambo mawili yaangaliwe kwa uangalifu, kwa kuwa ndiyo yanayoweza kuiharibu kazi yote.

La kwanza ni zawadi. Shule nyingine humtuza mtoto aliyesoma vitabu vingi kuliko wote. Nia ni njema, lakini matokeo si mema. Mtoto mwepesi huchukua vitabu kumi, akavifunua haraka haraka, akarudisha bila kukumbuka neno. Mtoto mzito, ambaye amepigana na kitabu kimoja mwezi mzima mpaka akakimaliza, hupita mikono mitupu, ingawa ushindi wake ndio mkubwa zaidi. Ni afadhali zawadi itolewe kwa darasa zima lililorudisha vitabu vyote vikiwa safi, na zawadi yenyewe iwe haki ya kuchagua kwanza vitabu vipya vitakapokuja.

La pili ni vitabu vilivyopotea au kuchanika. Vitapotea. Mwenye kuanzisha maktaba akiamini kwamba hakuna kitakachopotea atakata tamaa mwezi wa kwanza. Mbuzi atakula kimoja, kingine kitaanguka mtoni, cha tatu kitasahauliwa kwa shangazi. Tuseme kwamba katika vitabu 120 vinapotea 12 kila mwaka. Hiyo ni sehemu moja kwa kumi, na ni hasara. Lakini ni hasara iliyoletwa na kusomwa, na mchwa huleta hasara kubwa kuliko hiyo bila kumfundisha mtu yeyote kitu chochote.

Swali gumu ni nani alipe. Pakiwekwa faini ya fedha, jambo moja hutokea kwa hakika: watoto wa maskini hawataazima tena. Mama asiye na shilingi mia ya ziada atamwambia mwanawe, "Kisome huko huko shuleni, mwanangu, usije nacho hapa ukatutia deni." Naye ana haki kusema hivyo. Kwa hiyo yule mtoto anayekihitaji kitabu kuliko wote ndiye atakayerudi nyumbani bila kitabu. Njia iliyo bora ni mtoto aliyepoteza kulipa kwa kazi: avalishe vitabu vitano karatasi mpya, au asaidie katika hospitali ya vitabu kwa juma moja. Mzazi mwenye uwezo akitaka kununua kingine, ashukuriwe. Kuhusu mwalimu, kamati ya shule iandike mapema katika kumbukumbu zake kwamba upotevu wa kadiri fulani kwa mwaka ni wa kawaida na kwamba mwalimu hatadaiwa. Karatasi hiyo moja, ikitiwa sahihi na mwenyekiti, yafungua makabati zaidi kuliko hotuba mia.

KAZI YA WAZAZI

Wazazi wengi hufikiri kwamba hawawezi kusaidia kwa sababu wao wenyewe hawakusoma, au walisoma kidogo. Hilo si kweli. Mzazi asiyejua kusoma aweza kufanya mambo matatu yenye thamani kubwa. Aweza kukipa kitabu mahali pake ndani ya nyumba, juu, mbali na moto na mtoto mchanga. Aweza kumpa mtoto robo saa ya mwangaza wa jua kabla ya kumtuma kuni au maji. Na aweza kumwambia, "Haya, nisomee mimi." Mtoto anayemsomea mama yake huona kwamba elimu yake ina faida kwa mtu, na mama hupata hadithi.

Tena haifai mtu mzima kudhani kwamba amechelewa. Dunia nzima ilipata habari za Kimani Ng'ang'a Maruge, ambaye mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo mjini Eldoret, akavaa sare na kuketi pamoja na watoto wadogo. Serikali ilikuwa imeondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, naye aliona kwamba mlango uliofunguliwa ulikuwa wake pia. Mojawapo ya nia zake ilikuwa kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, bila kutegemea kusomewa na mtu. Alifariki mwaka 2009. Mzee wa namna hiyo hakupungukiwa na akili siku zote zile, ila alikosa mlango.

Wenye kupenda kutoa vitabu nao washauriwe. Sheria za kodi za mwaka wa zamani, kitabu kikubwa cha uganga wa meno, au magazeti yasiyo na picha hayamfai mtoto wa miaka tisa. Afadhali kitabu kimoja cha hadithi ambacho mtoto atakigombania kuliko sanduku la vitabu ambavyo hata mtoaji mwenyewe hakutaka kuvisoma. Na ikiwa karibu na shule iko maktaba ya watu wote, watoto wapelekwe kuiona, waonyeshwe jinsi ya kujiandikisha, na waambiwe kwamba mlango ule si wa wanafunzi wa vyuo vikuu pekee.

BAADA YA JUMA

Jumatatu inayofuata, vitabu vingine vitarudi na vingine havitarudi. Siku hiyo hakuna nyimbo wala mgeni. Watakuwapo watunza maktaba wawili, daftari, kalamu, na msururu wa watoto. Huo ndio wakati ambao mwalimu atajua kama sikukuu yake ilifaa. Akiuona msururu, na akimsikia mtoto mmoja akimwambia mwenziwe, "Chukua hiki, mwisho wake utacheka," basi kazi imekwisha fanyika, wala hapana haja ya hotuba.

Ufunguo na ubaki mikononi mwa watoto. Kabati na lifunguliwe Jumatatu hiyo, na Jumatatu ya pili yake, na ya tatu, mpaka mwisho wa muhula. Na mkaguzi atakapokuja, akakuta rafu zimebaki nusu tupu, asikasirike. Apewe daftari asome, aone vitabu viko wapi: kimoja kwa fundi cherehani, kingine kwa mchunga mbuzi, kingine chini ya mto wa kulalia wa msichana wa darasa la tatu ambaye jana usiku alikataa kuzima taa.